Somo la Wafanyakazi: Kuigeuza Baiskeli ya Kawaida Kuwa ya Umeme kwa Safari ya Vilimani



Somo letu la safari hii limetokana na swali ambalo limeletwa mara nyingi katika kikundi chetu cha masomo hapa Gisimenti: mfanyakazi anayetoka zamu saa tano za usiku afikeje nyumbani bila kuyaacha mapato ya siku barabarani?

Gisimenti, kama tujuavyo, ni sehemu ya Remera katika wilaya ya Gasabo, mjini Kigali. Ni mahali pa hoteli, mabaa, mikahawa na maduka. Jiji limewahi hata kuufunga mtaa huu kwa magari mwisho wa juma ili watu watembee, wale na wanywe nje. Starehe hiyo ina watu nyuma yake: wapishi, wahudumu, waosha vyombo, walinzi na wafagizi. Wateja wakiisha kuondoka, sisi ndio tunaobaki kupanga viti. Saa hizo mabasi yamekwisha kuwa machache, na nauli ya pikipiki usiku hupatanwa mdomoni. Wengi wetu tunakaa mabondeni ambako kodi ya nyumba ni nafuu, na kati ya bonde na kazi kuna vilima.

Baadhi ya wenzetu wana baiskeli, lakini baiskeli inamfikisha mtu kazini akiwa ametota jasho kabla zamu haijaanza. Ndiyo maana habari ya mota za umeme za kufungwa kwenye baiskeli imetuvuta. Katika somo hili tutaangalia hesabu ya kilima, vifaa, namna ya kuvifunga, hatari zake, na mwisho jinsi ya kuvinunua kwa pamoja. Tunaomba kila kikundi kisome sehemu moja kwa kikao kimoja, na hesabu zifanywe ubaoni.

1. JAMBO HILI SI GENI

Mara nyingi tunaambiwa kwamba chombo hiki ni uvumbuzi wa juzi. Si hivyo. Huko Marekani, mtu aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma mwaka 1895. Kilichokosekana wakati ule kilikuwa betri nyepesi. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli ambayo mota yake humsaidia mtu anapokanyaga pedali. Tangu zilipoenea betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi kuliko zile za risasi na asidi, kazi hii imekuwa rahisi hata kwa fundi wa mtaani.

Hapa Kigali tumekwisha kuyaona mageuzi ya namna hiyo kwa pikipiki. Kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme mjini hapa mwaka 2019, dereva akibadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa. Kwa baiskeli, njia inaweza kuwa fupi zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuanza na ile aliyo nayo.

2. HESABU YA KILIMA

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wengi wetu tulisimama kando ya barabara. Kilima cha Kimihurura, chenye urefu wa kilomita 1.3, kina mwinuko wa wastani wa asilimia 6 hivi. Kile cha Kigali Golf, mita 800, kina asilimia 8 hivi. Mabingwa walivipanda mara nyingi kwa siku moja. Vilima hivyo hivyo, au ndugu zao, ndivyo vilivyoko kati ya nyumba zetu na kazi zetu.

Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba ukisonga mbele mita 100, umepanda juu mita 8. Hebu tufanye hesabu pamoja.

Tuchukue mfanyakazi mwenye kilo 70. Baiskeli yake ina kilo 20. Mota, betri na mfuko wake ni kilo 10. Jumla ni kilo 100. Uzito huo, kwa kipimo cha nguvu, ni 100 mara 9.8, yaani niutoni 980. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, sehemu inayomvuta kurudi nyuma ni asilimia 8 ya uzito huo, yaani niutoni 78. Tuongeze niutoni 10 za ukinzani wa matairi barabarani. Jumla ni 88.

Mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni sawa na mita 2.8 hivi kwa sekunde. Zidisha 88 kwa 2.8: utapata karibu wati 250. Huo ndio uwezo unaotakiwa muda wote anapopanda.

Sasa binadamu anatoa kiasi gani? Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuchakaa. Mabingwa tuliowaona hutoa zaidi ya wati 300, lakini hiyo ndiyo kazi yao, nao hulala mchana. Kwa hiyo mwenzetu anapungukiwa na wati 150 au zaidi. Ndipo huteremka akasukuma baiskeli kwa mkono.

Mota ndogo ya wati 250 inatosha kuliziba pengo hilo, mradi mwenye baiskeli aendelee kukanyaga. Tulitie mkazo neno hilo: aendelee kukanyaga. Mota ya kusaidia si pikipiki.

Na yule anayebeba abiria? Abanyonzi ni wafanyakazi wenzetu, na kwao hesabu ni nyingine. Ongeza abiria wa kilo 70: jumla kilo 170. Fanya hesabu ile ile, na ukinzani wa matairi nao uongezeke hadi niutoni 17. Utapata wati 420 hivi kwa mwendo ule ule. Akitoa yeye wati 100, zinabaki 320. Mota ya wati 250 ikilazimishwa kazi hiyo kila siku itapata moto na kuungua. Mnyonzi anahitaji mota ya wati 500 hivi, fremu imara zaidi, na breki za namna nyingine kabisa. Asidanganywe na muuzaji asemaye kwamba mota moja inafaa kila kazi.

3. BETRI NA SAFARI

Mota hupimwa kwa wati. Akiba iliyomo katika betri hupimwa kwa wati-saa. Ukizidisha volti za betri kwa ampea-saa zake, unapata wati-saa. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 10 ina wati-saa 360.

Tuchukue safari ya kilomita 7 kutoka bonde la Kinamba, kupanda Kacyiru, kupita Gishushu na Chez Lando hadi Gisimenti. Katika nchi ya vilima kama yetu, tupange wati-saa 15 kwa kila kilomita, ili tusije tukaishiwa njiani. Kwenda na kurudi ni kilomita 14, yaani wati-saa 210. Betri ya 360 itabaki na zaidi ya theluthi. Akiba hiyo inahitajika. Betri ya lithiamu huchakaa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa hupoteza kama sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Wati-saa 360 zitakuwa 288, na bado safari itawezekana. Lakini aliyenunua betri ndogo inayotosha safari tu leo, mwaka ujao atasukuma baiskeli yenye kilo 10 za ziada.

Gharama ya umeme ni ndogo. Kuijaza betri hiyo tangu ikiwa tupu, pamoja na upotevu wa chaja, hutumia kama kilowati-saa 0.4, yaani chini ya nusu ya yuniti. Chukua risiti yako ya umeme, angalia bei ya yuniti moja, igawe kwa mbili, kisha ulinganishe na nauli ya pikipiki ya usiku mmoja. Kila mmoja afanye hesabu hiyo kwa bei anazolipa mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba petroli ya nchi hii husafirishwa kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ilhali sehemu ya umeme wetu hutoka hapa hapa, katika maji ya mto Nyabarongo na gesi ya ziwa Kivu.

Lakini gharama kubwa haipo kwenye umeme. Ipo kwenye betri yenyewe, ambayo siku moja itabidi inunuliwe upya. Asiyeweka akiba ya betri ya pili tangu mwezi wa kwanza amejidanganya katika hesabu zake.

Wako wanaouliza kuhusu betri za risasi, kama za gari, kwa kuwa ni rahisi. Betri tatu za volti 12 na ampea-saa 12 zina uzito wa kilo 12 hivi kwa pamoja, na zikimalizwa mara kwa mara hadi chini huharibika upesi. Kwa nchi tambarare labda. Kwa Kigali hatushauri.

Vilevile kuna wanaosema kwamba baiskeli itajichaji yenyewe ikiteremka. Mota nyingi zenye giya ndani haziwezi kabisa, maana zikiteremka zinajiachia. Zile zisizo na giya zinaweza, lakini kinachorudi ni kidogo sana. Tusinunue kwa tumaini hilo.

4. KUCHAGUA MOTA

Ziko aina tatu zinazopatikana.

Ya kwanza ni mota ya kwenye gurudumu isiyo na giya ndani. Ni imara na haina vyuma vingi vya kuharibika. Lakini kwenye kilima kirefu, ikienda polepole, umeme mwingi hugeuka kuwa joto badala ya mwendo. Kwa vilima vyetu haifai sana.

Ya pili ni mota ya kwenye gurudumu yenye giya ndani. Ni nyepesi na inapanda vizuri zaidi. Giya zake mara nyingi ni za nailoni, na ikilazimishwa huliwa meno. Kwa mfanyakazi mmoja, bila abiria, hii ndiyo ya kuanzia.

Ya tatu hufungwa katikati, mahali pa ekseli ya pedali. Kampuni ya Bafang ya Uchina ni mojawapo ya zinazotengeneza mota za namna hii. Ubora wake ni kwamba nguvu hupitia kwenye mnyororo, kwa hiyo mota hutumia giya za baiskeli: ukiweka giya nyepesi, inapanda hata mwinuko mkali. Ubaya wake ni bei, na kwamba mnyororo na meno ya nyuma huliwa upesi. Kwa baiskeli isiyo na giya faida yake kubwa inapotea.

Sasa tutazame baiskeli yenyewe. Ile baiskeli nyeusi ya chuma tuliyoizoea ni imara, lakini ina matatizo mawili. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni nyembamba, takriban milimita 110 hadi 120, na mota nyingi za nyuma zinahitaji milimita 135. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa na fundi mwenye ujuzi, pande zote mbili sawasawa, lakini si kwa kulazimisha kwa mikono. Tatizo la pili ni breki zake za vyuma, zinazobana rimu ya chuma. Mvua ikinyesha zinateleza. Kwa hiyo tunashauri baiskeli ya milimani yenye giya 6 au 7, magurudumu ya inchi 26 na nafasi ya milimita 135 nyuma.

5. NAMNA YA KUFUNGA

Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja akiwa fundi wa baiskeli. Tumeipanga kwa hatua:

Kwanza, kagua fremu. Isafishe, uitazame juani mahali palipochomelewa. Ukiona ufa, acha. Fremu iliyopasuka haifungwi mota, hata ikichomelewa upya.

Pili, badilisha gurudumu la nyuma. Hamisha meno ya giya, tairi na tyubu kutoka gurudumu la zamani kwenda lile lenye mota. Waya wa mota utokee upande wa chini wa ekseli, kisha upindwe kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye pindo na yasiingie ndani ya mota.

Tatu, funga mkono wa kuzuia ekseli. Hiki ni kipande cha chuma chenye tundu lenye umbo la ekseli. Upande mmoja hushika ekseli, wa pili hufungwa kwenye fremu. Hatua hii tutairudia hapa chini, kwa sababu tumeilipia.

Nne, funga breki. Rimu za alumini na breki za mikono miwili zenye mpira mpya, mbele na nyuma. Mishiko ya breki iwe ile yenye swichi inayokata umeme wa mota mara tu unapobana.

Tano, weka kihisio cha pedali, yaani kile kiduara chenye sumaku kinachoiambia mota kwamba unakanyaga.

Sita, weka betri katikati ya fremu, si juu ya kereya ya nyuma. Ikiwa nyuma, baiskeli huinua mbele unapopanda na huyumba unapoteremka.

Saba, unganisha kisanduku cha kudhibiti umeme. Kisanduku cha kawaida cha mota ndogo huvuta hadi ampea 15. 15 mara 36 ni wati 540, na hizo si mchezo. Weka fyuzi karibu na betri. Waya ziwe na unene ulioelezwa na mtengenezaji, na viungo vyake visiwe vya kusokota kwa vidole na kuvisha plastiki. Betri iunganishwe mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukaguliwa.

Nane, jaribu gurudumu likiwa hewani. Halafu mahali tambarare, bila mzigo. Baada ya kilomita 20 za kwanza, kaza nati zote upya, kisha kila juma.

6. TULIYOJIFUNZA KWA MAUMIVU

Baiskeli ya kwanza katika kikundi chetu ilifungwa kwa haraka. Mwenzetu mmoja, mpishi, alinunua mota ya gurudumu la mbele kwa kuwa ilikuwa rahisi kufunga. Aliyeiuza hakutoa mkono wa kuzuia ekseli, na sisi hatukujua kuuliza. Tulikaza nati kwa spana, tukaridhika.

Tulilopaswa kujua ni hili. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyume. Kinachoizuia ni midomo miwili ya chuma pale ekseli inapokaa. Kila anapopanda, midomo hiyo inafunguliwa kidogo kidogo. Juma la tatu, kwenye mpando wa Kacyiru, ilifunguka kabisa. Ekseli ikazunguka, ikakata waya zake, na gurudumu likatoka. Mwenzetu alianguka kwa mkono wa kushoto, ukavunjika. Kwa bahati alikuwa anapanda, mwendo ulikuwa mdogo. Laiti ingetokea akiteremka, leo tungekuwa tunaandika mengine.

Alikaa bila kazi majuma sita. Mpishi asiye na mkono hana zamu, na asiye na zamu hana posho. Tulichanga kikundi kizima, lakini mchango hautoshi mahali pa mshahara. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni mbili: hakuna mota ya mbele kwa barabara za vilima, na hakuna baiskeli inayotoka bila mkono wa kuzuia ekseli kukaguliwa na mtu wa pili. Kipande kile cha chuma, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bati nene la milimita 5 au 6.

7. KUTEREMKA

Wenzetu huwaza kupanda, wakasahau kwamba kila kilichopanda kitashuka. Safari yetu ya mfano tukiipa mteremko wa mita 120, kilo 100 zinazoteremka urefu huo zinabeba nguvu ambayo yote lazima iishie kwenye breki na kwenye upepo. Mpira wa breki ulioisha nusu ulitosha kwa baiskeli nyepesi. Kwa baiskeli yenye mota hautoshi. Kagua kila Jumapili. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, bana breki kidogo kidogo tangu juu, usingoje kona. Taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma na kofia ngumu ni sehemu ya vifaa. Visikatwe kwenye bajeti.

8. HATARI YA MOTO

Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vibaya, au iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Hili si vitisho. Katika jiji la New York, ambako maelfu ya wafanyakazi hupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli za umeme, moto uliotokana na betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023. Mwaka huo huo jiji lilipiga marufuku kuuza betri za baiskeli zisizothibitishwa na maabara inayotambuliwa, na mwaka 2024 likaanza kujaribu vituo vya kuchajia vya hadharani. Tunajifunza kwamba mfanyakazi anayenunua betri ya bei ya chini kabisa halaumiwi kwa umaskini wake; lakini moto nao hauulizi sababu.

Kanuni zetu ni hizi. Usinunue betri iliyokusanywa kutoka seli za kompyuta kuukuu. Hakikisha ina saketi ya ulinzi ndani. Tumia chaja yake tu: betri ya volti 36 huchajiwa hadi volti 42, ile ya volti 48 hadi 54.6, na kuzichanganya ni kuwasha kiberiti. Usichaji ukiwa umelala, wala mlangoni, wala karibu na godoro au jiko. Betri iliyoanguka kwa nguvu, iliyovimba au iliyoingia maji itolewe nje ya nyumba, isichajiwe tena.

Tazameni hapo shida ya mfanyakazi wa zamu ya usiku. Chaja ya ampea 2 huhitaji saa tano au sita. Akifika nyumbani saa sita, akalala, betri imechajiwa na nani? Nyumba ya chumba kimoja haina mahali pengine pa kuiweka ila kando ya watoto. Kwa hiyo mahali panapofaa kuchajia ni kazini, wakati wa zamu, palipo na sakafu ya saruji na mtu aliye macho. Na hapo somo la ufundi linageuka kuwa jambo la chama.

9. TUFANYE NINI KWA PAMOJA

Kwanza, tuombe mahali pa kuegesha na kuchajia kazini, na ombi hilo liingie katika mazungumzo na mwajiri pamoja na lile la usafiri wa usiku. Nusu yuniti ya umeme kwa mfanyakazi mmoja haitafilisi hoteli yoyote. Tuseme wazi lakini: baiskeli ya umeme haifuti wajibu wa kudai usafiri salama baada ya zamu. Mwajiri asije akasema, "Si mna baiskeli zenu?"

Pili, tununue pamoja. Anayenunua mota moja hupokea anachopewa; wanaonunua kumi huuliza maswali, hudai vipuri na dhamana ya maandishi. Ikimina tunazijua tangu wazazi wetu, na SACCO zipo. Tukatae mpango wa mtu kukukopesha baiskeli kisha akate mshahara kila mwezi kwa hesabu asiyokuonyesha. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza nafuu za kodi kwa vyombo vya umeme na vifaa vyake. Kabla ya kuagiza, mwakilishi wa kikundi apate jawabu la Mamlaka ya Mapato kuhusu vifaa hasa tunavyovitaka.

Tatu, kabla ya kuingia barabarani, mwakilishi awaone polisi wa usalama barabarani na watu wa bima, apate jawabu kwa maandishi. Kwa kulinganisha, nchi za Umoja wa Ulaya huihesabu kuwa baiskeli tu ile ambayo mota yake haizidi wati 250, inasaidia pale mtu anapokanyaga, na hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kikundi chetu kimekubali kukaa ndani ya mipaka hiyo hiyo. Mwendo wa kilomita 25 unatosha. Tunachotafuta ni kufika.

Nne, fundi mmoja wa mtaa afundishwe, na ujuzi ubaki kwetu. Mota ikiharibika na hakuna ajuaye kuifungua, tumenunua chuma.

Mpishi wetu amerudi kazini. Mkono umeunga, ingawa sufuria kubwa anaishika kwa mkono wa kulia. Baiskeli yake sasa ina mota ya nyuma na mikono miwili ya kuzuia ekseli, mmoja kila upande. Tulipomwambia kwamba mmoja unatosha, alijibu kwamba wa pili ni wa watoto wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pimeni uzito wenu pamoja na baiskeli. Kwa mwinuko wa asilimia 6 na mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kila mmoja anahitaji wati ngapi?

2. Safari yako ni kilomita ngapi kwenda na kurudi? Kwa wati-saa 15 kwa kilomita, betri ya wati-saa 360 itakutosha hata ikipoteza sehemu moja ya tano ya uwezo wake?

3. Andika nauli uliyolipa mwezi uliopita. Ukiondoa umeme na akiba ya betri ya pili, kinabaki nini?

4. Mahali pako pa kazi, ni wapi panapofaa kuchajia bila hatari? Nani ataliwasilisha ombi hilo, na lini?

5. Kwa nini kikundi kiliacha mota ya gurudumu la mbele? Mweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe jinsi ekseli inavyosukumwa kinyume.